Kidole Gumba cha Mama Pamba

Ukitaka ugomvi na Mama Pamba, huna haja ya kumtukana wala kumsengenya. Gusa tu pipeti yake. Pipeti ni kile kifaa cha maabara cha kunyonya na kudondosha maji ya dawa, chenye kitufe juu kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Ya kwake ilikuwa imezungushiwa plasta ya vidonda kwenye mpini, na kila aliyeingia katika maabara ile ya neva, awe mwanafunzi au msomi mwenye shahada tatu, aliambiwa siku ya kwanza: hiyo usiiguse, na ukikuta imeanguka, muite mwenyewe aje kuiokota.

Hakuwa daktari, na hakuwahi kujifanya daktari. Alikuwa fundi wa maabara. Aliingia mle akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake kuosha chupa, na akaziosha miaka saba huku akiwatazama wenye makoti meupe wakiharibu kazi kwa haraka zao. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akasema kwa sauti kwamba kuharibu namna ile hata yeye angeweza, tena bila kusomea. Mkuu wa wakati ule alicheka mpaka akavua miwani, halafu akampa pipeti aijaribu. Mpaka leo hajairudisha. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka hamsini na sita, na ya kustaafu ni sitini.

Jina la Pamba alilipata kwa sababu ya mkono wake, na ili uelewe mkono huo ulikuwa na maana gani, lazima ujue alikuwa anaosha nini.

Kwenye kisahani cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha kopo, maabara ile ilikuza nyuzi za neva, nyembamba kiasi kwamba bila hadubini ungeapa kisahani ni kitupu. Juu ya nyuzi hizo zilimwagwa seli za aina nyingine, zile ambazo kazi yake mwilini ni kuuzunguka uzi wa neva, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzi uvae koti la mafuta. Koti hilo linaitwa mielini. Ndilo linalofanya habari ikimbie kutoka unyayoni hadi kichwani kabla hujamaliza kusema "mwiba!" Likichakaa, mtu hujikwaa kwenye sakafu tambarare na kushindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Lakini kabla seli haijauzunguka uzi, lazima kwanza iushike. Na swali la maabara ile, swali moja kwa miaka tisa, lilikuwa hilo: seli inaushika uzi kwa kitu gani?

Walikuwa na mtuhumiwa. Kwenye ngozi ya uzi wa neva kuna molekuli moja iliyochomoza, na kwenye ngozi ya seli kuna nyingine inayoipokea. Zina majina marefu ya kisayansi, lakini pale maabara ziliitwa Kifungo na Tundu, kwa sababu ya jinsi zinavyoingiana. Wengi duniani waliamini kwamba hizo ndizo zinazoshika. Ili kupima, maabara iligawa visahani mafungu mawili. Fungu la kwanza waliliacha kama lilivyo, wakaliita Kawaida. Fungu la pili, lililoitwa Bandia, walilimwagia vifungo vya bandia vinavyoelea majini, vikaingia kwenye matundu yote ya seli na kuyajaza, hata seli ikifika kwenye uzi haina tena tundu la kupokelea kifungo cha kweli. Baada ya saa chache kila kisahani kilioshwa mara tatu kwa maji ya chumvi ili seli zisizoshika ziondoke. Zilizobaki zikahesabiwa.

Sasa hapo kwenye kuosha ndipo Mama Pamba alipokuwa malkia. Wengine waliosha nyuzi zikakatika na seli nzuri zikaenda na maji. Yeye aliinamisha kisahani, akaegemeza ncha ya pipeti ukutani mwa kisahani, akaachia maji yateremke kama mtu anayemwogesha mtoto wa siku tatu. Wageni walipotembelea maabara waliletwa kumtazama. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa akisimama nyuma yake na kusema, "Mnaona? Huu mkono ni wa pamba." Na Mama Pamba, nisimfichie, alizipenda sifa hizo. Alijifanya hasikii, lakini siku za wageni alipiga pasi koti lake mara mbili.

Kwa miaka tisa mkono huo ulitoa jibu lile lile. Kawaida, seli zimejaa. Bandia, seli zimejaa. Profesa akahitimisha kwamba Kifungo na Tundu havina kazi yoyote, dunia imedanganyika. Maabara nyingine zilipoandika kwamba kwao fungu la Bandia lilibaki na nyuzi tupu, alicheka. "Wanaosha kama wanafua magunia," alisema. "Wangekuwa na Mama Pamba wangeona ukweli." Alikuwa amejiandaa kwenda kulisema hilo mbele ya mkutano mkubwa wa wataalamu wenzake, na siku zilizobaki zilikuwa ishirini na tatu.

Kidole gumba kilianza kuuma mwaka uliotangulia. Ukibonyeza kitufe mara elfu kwa siku, miaka ishirini na saba, kiungo cha kidole lazima kikudai haki yake. Kwanza kilikakamaa asubuhi tu. Baadaye kikaanza kukwama katikati ya kubonyeza na kuachia ghafla, paa! kama mlango uliosukumwa na upepo. Mama Pamba hakumwambia mtu. Alikichua kwa mafuta, akakifunga kitambaa, akakikaripia. Nyumbani alivunja vikombe viwili, na wifi yake, dada wa mume wake aliyekuwa dobi na kuishi nao nyumba moja, akamtania bila huruma.

"Wifi, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini chako naona kimemudu vikombe."

"Vyako hivyo. Vyangu nimevificha," Mama Pamba alimjibu.

Ikaja Jumanne moja. Visahani kumi na vinane vilikuwa vinangoja kuoshwa, na kidole kikakataa kata kata. Kila alipobonyeza kilikwama, kisha kikaachia, na maji yakaruka juu ya nyuzi kama yametupwa. Angeweza kumwita mtu amsaidie. Aibu ikamzuia. Akaviosha vyote kumi na vinane hivyo hivyo, meno ameyauma, akijiambia pengine hakuna kilichoharibika.

Profesa alipita, akaweka kisahani cha kwanza kilichokuwa karibu chini ya hadubini. Kilikuwa Bandia. Nyuzi zilikuwa tupu. Akaweka cha pili, Bandia pia. Kitupu. Hakuangalia cha tatu.

"Mama, umevikwangua," alisema, na mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Vimwage vyote. Na tutaongea."

Kicheko kidogo kilisikika upande wa sinki. Mtu mmoja akanong'ona kwamba pamba imeota miiba. Kucheka mkono wa mtu aliyekufundisha kushika kisahani ni utovu wa adabu, lakini ndivyo walivyo watu, ukiteleza wote huwa hawajawahi kuteleza.

Mazungumzo aliyoahidi Profesa hayakufanyika. Badala yake, saa nane mchana, karani alimletea barua: kuanzia mwezi ujao Mama Pamba atahamia stoo ya vifaa, kutoa na kupokea chupa, kwa sababu za kiafya, tafadhali atie sahihi hapa chini kuthibitisha kwamba ameipokea. Akaisoma mara mbili. Halafu akaangalia tarehe, damu ikamchemka. Barua ilikuwa imeandikwa Jumatatu. Yeye alikosea Jumanne.

"Mwambie aliyekutuma," alimwambia karani, akimrudishia karatasi bila alama yoyote, "kwamba sijaipokea."

"Lakini mama, umeisoma."

"Nasoma hata maandishi ya kwenye magari. Je, yote ni yangu?"

Karani akaondoka na barua yake. Mama Pamba akabaki na visahani kumi na vinane alivyoamriwa kuvimwaga, na hapo ubishi ukampanda kichwani. Alikuwa hajawahi kumwaga kisahani ambacho hakijahesabiwa, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na miaka hamsini na sita. Kama vimeharibika, basi vihesabiwe kuharibika kwake. Akavuta kiti, akakaa kwenye hadubini.

Kisahani cha kwanza, Bandia: katika duara zima la hadubini, seli saba zilizosalia. Aibu tupu. Cha pili, Kawaida: seli sitini na tatu. Akasogeza kiti. Cha tatu, Bandia: nne. Cha nne, Kawaida: sitini na moja.

Hapa kuna jambo la kazi yake ambalo lazima niliseme. Tangu alipoanza, Mama Pamba hakuwahi kuosha fungu zima la Kawaida kwanza kisha fungu zima la Bandia. Aliosha kimoja cha huku, kimoja cha kule, kimoja cha huku, kimoja cha kule, ili uchovu wa mkono ugawanyike sawa na fungu moja lisipendelewe. Hakuna aliyemfundisha. Alilea watoto watatu, alijua ukianza kugawa nyama upande mmoja wa sinia, wa upande wa pili watalia. Kwa hiyo siku ile kidole kibovu kiliruka kwenye vyote, kimoja kimoja, bila kubagua. Na bado Kawaida tisa zilibaki na seli zake zote, na Bandia tisa zikapukutika.

Alizihesabu mara mbili. Kisha akaweka mikono mapajani, kwa sababu alikuwa ameelewa, na alichokielewa hakikuwa kitamu.

Jioni, sebuleni, wifi alikuwa anapiga pasi mashati ya watu. Mume alikuwa safarini na lori lake, kama kawaida. Mama Pamba alikaa kwenye kochi, akaanza kulia, na wifi akaweka pasi kando upesi.

"Ni hiyo barua? Wifi, niambie nani kaandika nikamwonyeshe."

"Barua siiogopi," Mama Pamba alisema. "Nalilia mkono wangu. Ule mzuri. Miaka tisa nimeosha kwa upole, seli zikabaki, tukasema zimeshika. Hazikushika! Zilikuwa zimekaa tu, kama wageni waliokosa mtu wa kuwaaga. Mimi ndiye niliyezibembeleza. Leo kidole kimezisukuma kidogo tu, zilizozibwa tundu zote zimekwenda, na zenye tundu wazi hata hazikutikisika. Na wale wa magunia wanaosha kwa nguvu, tuliowacheka, walikuwa wanaona kweli."

Wifi alifikiri. "Sasa mnashangaa nini? Mtu akiniletea kitambaa cha rangi, nikikisuuza kwa maji baridi polepole, kila rangi ni nzuri. Rangi huijui mpaka uifikiche."

"Miaka tisa, wifi. Nimevishwa kilemba cha ukoka nikatembea nacho mbele za watu."

"Basi kivue. Au unataka wakuzike nacho?"

Angeweza kunyamaza, na hili nataka lieleweke. Angemwaga visahani, akatia sahihi, akakaa stoo miaka yake minne akihesabiwa kuwa yule mama aliyekuwa na mkono wa ajabu. Sifa zake zingebaki. Akisema, angeziangusha mwenyewe, na pengine bado asiaminiwe. Kesho yake asubuhi, kabla hajavaa koti, aligonga mlango wa Profesa.

Nao walijuana. Profesa aliingia maabara ile akiwa mwanafunzi mwembamba mwenye mikono ya kutetemeka. Aliwahi kumwaga visahani ishirini kwa siku moja akaenda kujifungia chooni kulia, na aliyemgongea mlango na kumpitishia karatasi ya kufutia kamasi chini ya mlango alikuwa Mama Pamba. Alimfundisha kuinamisha kisahani. Alimfundisha kuhesabu moja mpaka tatu kati ya tone na tone.

Akamwekea hesabu mezani. Profesa akasoma, akasugua paji la uso.

"Mama, mkono ukishaanza kuruka, huwezi kujua umesukuma wapi zaidi na wapi kidogo. Hii si data. Ni ajali."

"Ajali inachagua? Tisa kwa tisa?"

"Inaweza kutokea."

"Na barua ya Jumatatu ilitokeaje, kabla ya ajali?"

Profesa akatazama dirishani. "Niliona kidole chako kinakusumbua. Nilitaka kukupumzisha."

"Ungeniuliza, mdogo wangu." Mbele za watu alimwita Profesa, hilo alilishika daima, lakini humo ndani walikuwa wawili. "Mimi hukunipumzisha. Umenificha. Sasa sikiliza. Hutaki mkono wangu, mimi pia siutaki. Osha wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwenye kabati la joto kuna visahani kumi na viwili vilivyokomaa. Mwenzetu Miwani atavimwagia seli, nusu yake na vifungo vya bandia, ataandika alama zake chini, na orodha atakaa nayo mfukoni, mimi na wewe tusijue ipi Kawaida ipi Bandia. Sita utaosha kama nilivyokufundisha. Sita utaosha kama unanichukia. Tukikuta hakuna tofauti, niletee barua yako, natia sahihi mbele yako na stoo nakwenda kwa miguu yangu mwenyewe."

Miwani alikuwa mtafiti wa pale, mtu mzima mpole mwenye vioo vinene, ambaye alihesabu seli kwa uaminifu kiasi kwamba hata alipohesabu vibaya alijishtaki mwenyewe. Aliitwa, akaelezwa, akakuna kichwa.

"Profesa," alisema, "kama mama amekosea, tutapoteza siku moja. Kama hajakosea na ukaenda mkutanoni hivyo hivyo…" Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Wakaifanya Jumatatu iliyofuata. Watu walikusanyika wakijidai wana kazi karibu na meza ile. Mama Pamba alikaa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani, na akatangaza kwamba hatagusa hata kifuniko. Profesa akakunja mikono ya koti. Visahani sita vya kwanza aliviosha vizuri, lazima tuseme kweli. Aliinamisha, akaegemeza ncha, akahesabu mpaka tatu. Mwalimu wake akamtazama na moyo ukamuuma kwa jinsi alivyokuwa amefundisha vyema jambo lililowapoteza.

Kwa sita vya pili walikubaliana Mama Pamba apige makofi, na kila kofi Profesa abonyeze mara moja hadi mwisho, ili nguvu iwe sawa kwa vyote. Akapiga kofi. Profesa akabonyeza.

"Hapo unanichukia?" Mama Pamba akauliza. "Hapo unanionea huruma tu. Hicho kihesabu na vile sita vya upole, tafuta kingine."

"Mama, nyuzi zitakatika."

"Zikikatika utasema nimekosea. Si ndicho unachotaka?"

"Sitaki hivyo!"

"Basi ile hasira ya kumwandikia mtu barua nyuma ya mgongo wake iko wapi? Itie kwenye kidole!"

Mtu mmoja alikohoa. Profesa aliiva masikio. Miwani akasogeza kimoja cha akiba, kwa kuwa Miwani daima alikuwa na cha akiba, na safari hii kofi lilipolia, maji yalishuka kwa nguvu iliyosikika. Kofi, maji. Kofi, maji. Visahani sita, mara tatu tatu. Alipomaliza Profesa alikuwa anahema na kidole gumba chake amekishika kwa mkono wa pili, akikichua. Mama Pamba aliliona hilo.

Rangi ya kuzionyesha seli ililazwa mpaka asubuhi. Kesho yake Miwani alihesabu kwenye hadubini moja, Profesa kwenye nyingine, kila mmoja na karatasi yake, wakabadilishana visahani bila kusemezana. Mama Pamba alikaa katikati yao. Hakuna kazi ngumu kama kukaa na kutazama watu wengine wakihesabu maisha yako.

Miwani akatoa orodha mfukoni, akaikunjua, akaanza kusoma. Vya upole, hata kile cha huruma: Kawaida zimejaa, Bandia zimejaa, hakuna tofauti ya kusemea, kama miaka yote tisa. Vya nguvu: Kawaida, hamsini na tisa, sitini na nne, sitini. Bandia, sita, tatu, tano. Karatasi mbili zilikubaliana, isipokuwa pale Profesa alipoona tatu na Miwani akaona nne, na Miwani akaomba radhi.

Hakuna uzi hata mmoja uliokatika.

"Zilikuwa zinashika kwa Kifungo," Profesa alisema polepole. "Siku zote."

"Zilizoshika, ndiyo. Nyingine zilikaa tu, nikaziacha zikae."

"Ulikuwa huwezi kujua, mama."

"Nilikuwa siwezi kujua kwa sababu kila nikiosha kulikuwa na mtu nyuma yangu ananisifu," alisema. "Sikulaumu peke yako. Nilizipenda. Lakini usinipake mafuta sasa."

Watu walitawanyika taratibu, kila mmoja akikumbuka ghafla kazi yake, na yule wa miiba akiwa wa kwanza. Profesa akaichukua ile barua kutoka kwenye jalada, akaichana vipande vinne. Mama Pamba hakushukuru. Hushukuru mtu kwa kukurudishia kiti chako.

"Kuanzia sasa," alisema, "kuosha kwa mkono basi. Wa pamba, wa gunia, wa nani. Ile pampu ndogo iliyofunikwa plastiki pale kona, naitaka mezani kwangu. Nitaipima nguvu: kiasi hiki seli zilizokaa tu zinaondoka, kiasi hiki zilizoshika zinabaki. Nani mwingine humu anajua nguvu gani inadanganya? Kubonyeza swichi hata kidole hiki kinaweza."

Profesa akakubali kwa kichwa. Kisha akavuta kompyuta, kwa sababu mkutano ulikuwa umebaki siku kumi na tano na hotuba yote sasa ilikuwa imegeuka kichwa chini miguu juu. Akafuta, akafuta tena. Kwenye sehemu ya namna kazi ilivyofanyika akaandika sentensi moja, akamsomea: "Mbinu ya uoshaji imeboreshwa."

"Hapana," Mama Pamba akasema.

"Ndivyo inavyoandikwa, mama. Kila mtu huandika hivyo."

"Ndiyo maana kila mtu anarudia makosa ya mwenzake. Imeboreshwa kutoka wapi? Kuna mtu mahali fulani sasa hivi ana mkono kama wangu, na anabembeleza visahani kama nilivyobembeleza. Akisoma 'imeboreshwa' atajua nini? Andika: kwa miaka tisa fundi aliosha kwa upole mno, seli zisizoshika zikabaki, tukazihesabu kama zimeshika."

Akaandika. Kila neno lilitoka kwa shida, lakini aliandika.

"Ongeza: na mkuu wa maabara alimsifu kwa hilo."

Vidole vya Profesa vikasimama juu ya vitufe. "Watanicheka, mama. Ukumbi mzima. Niliowacheka mimi watakuwa viti vya mbele."

"Mimi nilichekwa Jumanne iliyopita, na Jumatano nikaja kazini." Akavuta kiti chake mpaka kando ya meza ya Profesa, akakaa, akaliweka lile gumba lililovimba juu ya meza mbele yake, waziwazi, bila kitambaa. "Andika tu, mdogo wangu. Mimi sina haraka. Nipo hapa miaka minne."